Tusimcheke Nkoloso: Safari ya Mirihi Huanzia Darasani

Kuna watu ambao dunia huwakumbuka kwa kicheko. Jina lao likitajwa, wasikilizaji hutabasamu hata kabla ya kujua walizaliwa wapi, walisoma nini na waliteswa kwa sababu gani. Mmoja wao ni marehemu Edward Mukuka Nkoloso wa Zambia, mwalimu aliyetangaza, nchi yake ilipokuwa ikipata uhuru mwaka wa 1964, kwamba angewapeleka Waafrika mwezini na katika sayari ya Mirihi kabla ya Wamarekani na Warusi. Hakumpeleka mtu yeyote. Chombo chake hakikuondoka ardhini. Hata hivyo, nimeona heri niyasimulie maisha yake katika ukumbi huu, kwa kuwa suala la kumpeleka binadamu kwenye sayari nyingine limerudi kwa kishindo na wanafunzi wetu wanaliuliza kila uchao. Sidhani tutaweza kulijibu sawasawa iwapo hatujaelewa ni kitu gani hasa tulichokicheka katika maisha ya mtu huyu.

Mjadala wenyewe hauko katika kumbi za vyuo vikuu pekee. Jumamosi moja nilikuwa katika Soko la Toi, ukingoni mwa Kibera, soko ambalo wakazi wa Kibera, Kawangware na mitaa ya jirani hulitegemea kwa nguo na viatu vya mitumba. Mvulana wa kidato cha nne, aliyekuwa akimsaidia mamake kupanga nguo za robota lililofunguliwa asubuhi ile, alikuwa akibishana na fundi wa viatu wa kibanda cha pili. Mvulana alishikilia kwamba binadamu atafika Mirihi katika uhai wake. Fundi alitaka kujua ni binadamu yupi huyo, maana hajasikia jirani yake yeyote akialikwa. Mama mtu, bila kuinua kichwa, aliuliza gharama ya safari hiyo italipwa na nani, na kama huko kuna maji, kwa kuwa yeye hununua maji kwa mtungi. Nilisimama nikasikiliza. Kwa maneno machache watu hao watatu walikuwa wamekwisha kuyagusa maswali yote makuu ya suala hili. Je, safari yawezekana? Je, yafaa? Na je, ni safari ya nani?

Swali hilo la tatu Nkoloso aliliuliza zamani, wakati wengi wetu tulikuwa hatujazaliwa au tulikuwa tungali watoto wachanga.

Alizaliwa mwaka wa 1919 kaskazini mwa nchi iliyoitwa wakati huo Rodeshia ya Kaskazini. Alisomeshwa na wamishenari wa Kikatoliki, akajifunza Kilatini na theolojia, na ilitarajiwa kuwa angeishia kuwa padri. Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilimtoa katika njia hiyo. Aliingizwa jeshini, akatumikia katika Kikosi cha Rodeshia ya Kaskazini upande wa mawasiliano. Inasimuliwa kwamba alipopanda ndege kwa mara ya kwanza alimwomba rubani amruhusu ashuke akatembee juu ya mawingu, na rubani akamkatalia. Wasimulizi wengi huitoa habari hii kama kichekesho. Mimi huiona kama habari ya kawaida ya mtu mwenye udadisi aliyefika mahali ambapo hakuna mwalimu wa kumweleza kwamba wingu ni mvuke uliotonesha, wala halimbebi mtu. Mtoto wa darasa la nne wa leo analijua jambo hilo kwa sababu tu kuna aliyemfundisha.

Vita vilipokwisha, Nkoloso alifanya kazi ya ukalimani serikalini na baadaye ualimu. Nikiwa mtu wa isimu, siwezi kuupita ukalimani huu bila kuutaja. Mkalimani wa serikali ya kikoloni alisimama mlangoni, baina ya lugha mbili. Alizisikia amri zikitamkwa upande mmoja, na malalamiko yakitamkwa upande wa pili, na aliyajua maneno ambayo hayakuwa na ndugu katika lugha ya upande ule mwingine. Mtu wa namna hiyo hujifunza upesi kwamba mwenye kulimiliki neno ndiye huamua nini kinaweza kusemwa. Alipojaribu kufungua shule yake mwenyewe, wakoloni waliifunga. Tuikumbuke shule hiyo iliyofungwa, msomaji, kwa maana tutarudi kwake.

Baada ya hapo aliingia katika siasa za ukombozi. Katika miaka ya 1950 aliongoza upinzani dhidi ya utawala wa kikoloni katika wilaya ya Luwingu, akakamatwa, akateswa na kutiwa kifungoni. Alipotoka alijiunga na harakati za chama cha UNIP kilichoongozwa na Kenneth Kaunda. Katika miaka iyo hiyo alianzisha chuo alichokiita Akademia ya Kitaifa ya Zambia ya Sayansi, Utafiti wa Anga na Falsafa. Jina hilo lilikuwa kubwa kuliko mali yote ya chuo chenyewe, lakini lina fikira ndani yake. Aliiweka falsafa pamoja na roketi, kana kwamba alijua kuwa anayetaka kwenda mbali lazima ajiulize pia anaenda kutafuta nini.

Mahali pa mafunzo palikuwa shamba moja nje ya Lusaka. Wanagenzi wake, wapatao 12, walivaa makoti na kofia za chuma. Aliwaingiza mmoja mmoja ndani ya pipa la mafuta, kisha akaliviringisha pipa hilo mteremkoni ili wazoee kizunguzungu cha safari. Aliwapandisha kwenye bembea, na ilipofika juu kabisa aliikata kamba ili wauonje ule wepesi wa mtu anayeanguka. Aliwafunza kutembea kwa mikono. Aliyeteuliwa kwenda Mirihi alikuwa msichana mmoja, Matha Mwamba, ambaye alikuwa hajatimiza hata miaka 18. Alikusudiwa kusafiri pamoja na paka wawili na mmishenari mmoja, naye mmishenari huyo alionywa mapema kwamba asiwalazimishe wenyeji wa Mirihi kuwa Wakristo iwapo hawataki. Chombo kiliitwa D-Kalu 1, nacho kilikuwa na umbo la pipa. Kwa gharama za mpango huu Nkoloso aliliomba shirika la UNESCO pauni milioni 7. Hakupata hata senti.

Waandishi wa magazeti na televisheni za ng'ambo walimiminika Lusaka katika siku zile za uhuru. Walipiga picha za pipa na bembea, wakarudi makwao na kicheko. Serikali mpya ya Zambia nayo ilijitenga na mpango huo, kwa kuwa ilitaka kuonekana mbele ya mataifa kuwa serikali ya watu wazima. Matha, kwa mujibu wa habari zilizoandikwa baadaye, alipata mimba na wazazi wake wakaja kumchukua. Mafunzo yakasambaratika.

Hapa ndipo ningependa tutue kidogo, sisi walimu hasa. Ni rahisi kuhesabu makosa ya Nkoloso. Kuviringishwa ndani ya pipa hakumfundishi mtu kuishi mahali pasipo na uzito. Bembea iliyokatwa kamba humpa mtu nukta chache tu za kuanguka, na pengine mguu uliovunjika. Tena kumteua mtoto kwa safari isiyo na tumaini la kurudi ni jambo ambalo mwalimu yeyote angepaswa kuzuiwa asilifanye, awe na roketi au asiwe nayo. Ninaposoma habari za Matha Mwamba, naona kwamba kila mtu alinena juu yake: mwalimu wake, waandishi na wazazi. Sauti yake yeye mwenyewe ni vigumu kuipata. Walimu wa sekondari wanawajua wasichana wa namna hiyo, wale ambao dawati lao hubaki tupu katika muhula wa pili na shule ikaendelea na masomo.

Lakini waliocheka walisahau kuhesabu jambo jingine. Zambia ilipopata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964, wananchi wake Waafrika waliokuwa na shahada ya chuo kikuu walikuwa takriban 100 tu katika nchi nzima. Chuo Kikuu cha Zambia kilifungua milango yake mwaka wa 1966. Upande wa pili wa dunia, mpango wa Marekani wa Apollo ulitumia takriban dola bilioni 25 za wakati ule na kuajiri, ulipofikia kilele chake, watu wapatao 400,000. Nchi iliyopora shaba ya watu na kuwafungia shule ina haki gani ya kustaajabu kwamba mwalimu wao anafundisha safari za anga kwa pipa? Pipa lile lilikuwa ndilo maabara waliyoachiwa.

Sasa tuyatazame maswali matatu ya pale sokoni, tukianza na lile la uwezekano.

Kufika Mirihi kunawezekana. Vyombo visivyo na watu vimekuwa vikifika huko tangu miaka ya 1960 na 1970. Ugumu ni kumfikisha mtu akiwa hai na kumrudisha. Mirihi na dunia zinapokaribiana sana, umbali baina yao ni takriban kilomita milioni 55, na zinapotengana huzidi milioni 400. Njia hiyo haiko wazi kila siku. Nafasi nzuri ya kuondoka hutokea mara moja kila baada ya miezi 26 hivi, mithili ya mabaharia wetu wa jahazi waliongojea kaskazi na kusi. Kwenda huchukua miezi sita hadi tisa. Kwa kuwa msafiri hana budi kuingoja tena nafasi ya kurudi, safari nzima hukaribia miaka mitatu. Aliyekaa angani mfululizo kwa muda mrefu kuliko wote ni Mrusi Valeri Polyakov, siku 437 kati ya mwaka wa 1994 na 1995, naye alikuwa karibu na dunia, ambako angeweza kurudishwa upesi kama angeugua.

Huko kwenyewe hewa haifiki hata asilimia moja ya uzito wa hewa yetu, na karibu yote ni kabonidayoksaidi. Baridi ya wastani ni takriban nyuzi 60 chini ya sufuri. Miale ya hatari itokayo kwenye jua na kwenye nyota za mbali haizuiliwi vya kutosha, kwa maana Mirihi haina ngao ya sumaku kama ya dunia. Maji yapo, lakini mengi ni barafu. Gari la utafiti la Perseverance, lenye uzani wa takriban tani moja, lilitua huko mwezi wa Februari 2021 likiwa na mtambo mdogo wa kutengeneza oksijeni kutokana na hewa ya Mirihi. Katika muda wa miaka miwili hivi mtambo huo ulitengeneza jumla ya gramu 122. Mtu mzima mmoja huhitaji takriban gramu 840 kwa siku. Jaribio lile lilifaulu, na wataalamu wana haki ya kulifurahia, lakini tarakimu hizo mbili zikiwekwa pamoja ubaoni, darasa litaona lenyewe umbali uliosalia. Aidha, kumshusha mtu pamoja na chakula, makao na roketi ya kurudia kutahitaji kutua kwa mizigo ya makumi ya tani, na hilo halijafanyika bado.

Kwa hivyo jibu langu kwa swali la kwanza ni kwamba hakuna kanuni ya maumbile inayoikataza safari hiyo. Kinachokosekana ni vyombo, muda na fedha. Nkoloso hakukosea aliposema kwamba mtu aweza kwenda Mirihi. Alikosea kuhusu mwaka na kuhusu pipa.

Swali la pili, la manufaa, ni gumu zaidi, na yule mama wa Toi alikuwa na haki ya kuliuliza kwa ukali. Soko analofanyia biashara liliharibiwa katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, na mwezi wa Oktoba 2024 moto ukaliteketeza tena na kuua watu. Mtu aliyejenga kibanda chake upya zaidi ya mara moja hatarajiwi kushangilia mabilioni yanayorushwa angani. Wapo wanaojibu kwamba binadamu anahitaji makao ya akiba iwapo dunia itaharibika. Hoja hiyo sikubaliani nayo. Hakuna jangwa la dunia hii, wala barafu ya ncha zake, palipo pakali kama bonde lililo bora kabisa katika Mirihi. Aliyeshindwa kuitunza nyumba yenye hewa na mito hatafua dafu katika nyumba isiyo na vyote viwili.

Hoja yenye nguvu zaidi ni ile ya maarifa, na hapo fundi wa viatu anaweza kuwa shahidi bora kuliko profesa. Ujumbe wa redio kutoka duniani hadi Mirihi huchukua kati ya dakika tatu na dakika 22 hivi, kwa kutegemea umbali. Mtambo ukikwama kwenye jiwe, hauwezi kushauriana na mwenyewe papo hapo. Mtu aliyepo mahali angelizunguka jiwe lile, akalipindua, akalipasua, akabadili nia. Tena hakuna duka la vipuri huko. Atakayesalimika ni yule anayeweza kuchukua kilichovunjika na kukifanya kitu kingine, jambo ambalo mafundi wa jua kali hulifanya kila siku kwa waya, gundi na mpira wa gurudumu. Ikiwa Mirihi iliwahi kuwa na viumbe hai, hata viwe vidogo namna gani, kuvigundua kungebadilisha elimu yetu yote ya uhai. Hilo ni jambo lenye thamani. Ila lina ngazi zake, na ngazi ya kwanza ni mitambo isiyo na watu, ambayo hugharimu kidogo na ikipotea haiachi yatima.

Tena manufaa ya elimu ya anga hayangoji Mirihi. Yapo hapa chini. Setilaiti ya Taifa-1, iliyorushwa kutoka Marekani tarehe 15 Aprili 2023, ni ya Kenya, nayo ilikusudiwa kuipiga picha ardhi yetu kwa ajili ya kilimo na utunzaji wa mazingira. Mvua inayomfanya mchuuzi afunike bidhaa zake mapema hutabiriwa kwa msaada wa vyombo vya angani. Ukimwambia mama yule kwamba anga ni starehe ya matajiri, utakuwa umemdanganya. Ukimwambia kwamba anga itamjengea choo, utakuwa umemdanganya pia.

Limebaki swali la tatu, nalo ndilo linalonikera zaidi. Ni safari ya nani?

Kati ya mwaka wa 1969 na 1972 watu 12 walitembea juu ya mwezi. Wote walikuwa Wamarekani na wote wanaume weupe, ijapokuwa tangazo lilikuwa kwamba binadamu amefika. Neno hilo binadamu, lenye maana ya mwana wa Adamu, ni kubwa mno kupewa watu 12. Sisi nasi tulikuwa na sehemu yetu katika historia ya anga, ila tulikuwa wenye uwanja. Huko Ngomeni, karibu na Malindi, Waitaliano walikuwa na jukwaa la baharini lililoitwa San Marco. Kutoka hapo, tarehe 12 Desemba 1970, ilirushwa setilaiti ya Wamarekani, ya kwanza duniani iliyoundwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Kwa kuwa siku ile ilikuwa sikukuu yetu ya kitaifa, iliitwa Uhuru. Kwa hivyo mojawapo ya majina mashuhuri katika elimu ya nyota ni neno la Kiswahili. Wangapi kati ya wanafunzi wetu wanalijua hilo? Wangapi kati yetu sisi walimu?

Katika Soko la Toi nguo ya mtumba huja ikiwa imekwisha kukatwa kwa kipimo cha mtu mwingine. Wakati mwingine humfaa mnunuzi, wakati mwingine hupelekwa kwa fundi ipunguzwe. Hakuna aibu katika kuvaa mtumba. Nusu ya Nairobi ingetembea uchi. Aibu ni kuamini kwamba nguo haiwezi kukatwa kwetu. Elimu yetu ya sayansi imekuwa mtumba kwa muda mrefu, pamoja na lugha yake. Mwanafunzi hufundishwa kwamba sayari ina jina la kigeni, ilhali wajuzi wa falaki wa pwani walizitaja Zuhura, Mirihi, Mushtarii na Zuhali, majina tuliyoyapokea kutoka Kiarabu na kuyafanya yetu. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia mwaka wa 1990. Neno mwanaanga tuliliunda kwa mfano wa mwanamaji, na halina upungufu wowote. Nkoloso naye, mkalimani wa zamani, hakutaka wanagenzi wake waitwe kwa jina la Wamarekani wala la Warusi. Walijulikana kama afronauti, neno lililoungwa kutokana na Afrika na lile la Kigiriki lenye maana ya baharia. Chombo chake kilishindwa kuruka, lakini neno hilo liliruka. Wasanii, wapiga picha na watengenezaji filamu wa karne hii wamelitumia katika nchi nyingi, wengi wao wakiwa hawajui kwamba aliyelieneza aliwahi kufungiwa shule.

Wapo wanaosema kwamba Nkoloso alikuwa na mzaha uliofichika, kwamba aliigiza mashindano ya mataifa makubwa ili kuonyesha upuuzi wake. Mwandishi Namwali Serpell wa Zambia, aliyeyachunguza maisha yake katika makala ya mwaka wa 2017, aliigusia pia dhana kwamba huenda mafunzo yale ya shambani yalisitiri mafunzo ya vijana wa ukombozi. Sioni haja ya kuchagua. Mtu aliyepitia seminari, vita na gereza anaweza kubeba mzaha na dhati katika mfuko mmoja. Linalojulikana wazi ni yale aliyoyafanya baadaye. Alifanya kazi katika kituo cha ukombozi mjini Lusaka, mji uliowapa hifadhi wapigania uhuru wa nchi za kusini. Kisha, akiwa mzee wa miaka 60 na ushei, aliketi darasani pamoja na vijana katika Chuo Kikuu cha Zambia na kupata shahada ya sheria mwaka wa 1983. Alifariki dunia mwezi wa Machi 1989.

Mimi humkumbuka zaidi kwa shahada hiyo kuliko kwa pipa. Chuo kikuu ambacho hakikuwapo alipokuwa kijana kilipojengwa, aliingia. Hakusema umri umempita. Alidai mahali pake katika elimu kwa mlango uliokuwa wazi, kama alivyowahi kudai mahali pa watu wake katika sayari kwa mlango uliokuwa umefungwa. Kati ya madai hayo mawili, la shule ndilo lililoweza kutimia, nalo lilitimia kwa sababu taifa lilijenga kuta, likaajiri walimu na kununua vitabu.

Ninachokitetea, basi, si kwamba tuombe fedha za roketi. Kenya haina haraka ya kumpeleka mtu Mirihi, na serikali ambayo ingetangaza mpango huo leo ningeipinga katika safu hii hii. Ninachokitetea ni kwamba swali la sayari liwe letu pia, na liwe letu kwa njia ambayo Nkoloso alinyimwa: kwa maabara yenye vifaa katika kila shule ya sekondari, kwa walimu wa hisabati ambao hawagawanywi kati ya madarasa manne, kwa istilahi za Kiswahili zinazotumiwa badala ya kuhifadhiwa kamusini, na kwa utaratibu unaomrudisha shuleni msichana aliyejifungua. Haya yakifanyika na Mirihi isifikiwe na yeyote wetu kwa miaka 100 ijayo, hatutakuwa tumepoteza kitu. Yasipofanyika na binadamu akafika huko mwakani, sisi tutabaki kuwa wenye kutazama, tukisubiri robota la habari lifunguliwe.

Walimu wenzangu, katika muhula huu mwanafunzi mmoja atainua mkono na kuuliza kama itawezekana yeye kwenda katika sayari nyingine. Darasa litacheka, kwa kuwa madarasa hucheka. Mwalimu asicheke. Achukue chaki, aandike umbali, miezi ya safari na gramu za oksijeni, kisha ampe mwanafunzi huyo hesabu ya kwenda kuifanya nyumbani.